Jumapili Isiyo na Magari

Saa nane mchana ilipofika, magari yakapungua Mtaa wa Uhuru mpaka yakaisha. Mwaka ule mafuta yalikuwa ya shida, na amri ilikuwa kwamba Jumapili, kuanzia saa nane, gari la mtu binafsi lisionekane barabarani. Wenye magari walinung'unika, wakayaacha uani. Wasiokuwa nayo, yaani karibu Kariakoo nzima, hawakuona tofauti, ila watoto walipata pahala pa kuchezea mpira. Ninayemjua mimi aliyeisubiri saa hiyo wiki nzima kwa hamu ni mtu mmoja tu, mzee wa Kichaga wa miaka sitini na ushei, mwenye duka la sufuria na taa za chemli Mtaa wa Sikukuu, na mwenye moyo mgonjwa. Jina lake Gaudens.

Alikuwa amesimama kwenye kona ya viwanja vya Mnazi Mmoja, shati limepigwa pasi likanyooka, kofia mkononi. Alimwona Sitara tangu anatokeza upande wa Kariakoo, na hakumwondolea macho. Alimtazama uso, akalitazama buibui, akateremka mpaka kwenye raba nyeupe zilizochungulia chini ya buibui hilo, akatabasamu peke yake. Mtu wa umri wake alipaswa kuwa na haya kidogo, lakini haya alikuwa amekwisha kuzimaliza.

Kama unatarajia nikwambie kwamba moyo wa Bi Sitara ulimwenda mbio alipomwona, utanisamehe. Haukwenda. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Kariakoo kwa baba na mama, mjane, na tangu amzike mumewe alikuwa amekufa ganzi. Hakuwa na huzuni, maana huzuni ni kitu, na yeye hakuwa na kitu. Alikula chakula kilipoiva, alicheka wenzake walipocheka, na kila Jumapili alikuja kutembea na mzee huyu kwa sababu alisema atakuja.

"Umekuja," alisema Gaudens.

"Nilisema nitakuja."

"Kesho alfajiri naondoka, Bi Sitara. Pantaleo amekwisha kunikatia tiketi ya basi."

"Nimesikia. Kuruthumu jirani yangu ndiye aliyeniambia."

"Nilitaka nikwambie mimi."

"Kuruthumu hamsubiri mtu," alisema Sitara, nao wakaanza kutembea.

Pantaleo alikuwa mtoto wa kwanza wa Gaudens, meneja katika shirika moja la umma, kijana mwenye gari, mke na kitambi. Mzee alipoanguka dukani akiwa ameshika kifua, Pantaleo ndiye aliyemchukua akamweka kwake, ghorofani kule Mchafukoge. Daktari aliposema mzee amepata nafuu na sasa atembee kila siku, Pantaleo aliitikia vizuri sana. Kesho yake baba mtu akatoka kutembea, na gari la Pantaleo likamfuata nyuma polepole, dereva ndani, taa zinawaka. Watu waliokuwa barabarani walidhani ni maziko, wengine wakavua kofia. Gaudens akapanda garini kwa aibu, akarudishwa nyumbani.

Usimcheke Pantaleo. Kwao, mzee aliyesomesha watoto hatembei kwa miguu mitaani. Mtoto mwenye uwezo humkalisha baba yake, humletea chakula mkononi, humwambia baba umechoka, pumzika. Baba akionekana njiani anatoka jasho, wanaochekwa ni wanawe. Kwa hiyo gari lilimfuata mzee kila alipotia mguu nje, isipokuwa Jumapili baada ya saa nane, gari lilipokuwa halina ruhusa. Na sasa Pantaleo na mkewe Candida walikuwa wameamua kumrudisha moja kwa moja Kilimanjaro, akapumzike kwenye migomba yake.

Walikutana kliniki, Gaudens na Sitara, kwenye benchi moja. Sitara alipomaliza eda, miguu ilikuwa imemvimba na presha imepanda, Kuruthumu akamvuta mpaka huko kwa lazima. Nesi aliwasemesha wote wawili kwa pamoja, kama watoto wa darasa moja. Aliwaambia wazee wengi wanadhani moyo ukiugua hutulizwa kitandani, kumbe mgonjwa akipata nafuu na daktari akamruhusu, kulala tu kunammaliza. Miguu inajaa maji, damu inakuwa nzito kutembea, moyo unazidi kulegea. Watembee, akasema, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Gaudens akainua mkono. Akauliza, asiye na wa kuzungumza naye atajuaje kama mwendo wake ni sahihi? Nesi akacheka, wagonjwa wakacheka, na Gaudens akamgeukia Sitara kungoja jibu.

Sitara hakucheka siku hiyo. Alikuwa anamfikiria marehemu mumewe, Mwinyimvua. Mwinyimvua naye alishikwa na maumivu ya moyo, akapona, akarudi nyumbani, na Sitara akamlaza. Alimwogesha, akamlisha kwa kijiko, akamkataza hata kwenda msikitini, na majirani wakamsifu kwamba mke ndiye huyu. Miguu ilipovimba akaikanda. Mwinyimvua alipoacha kuzungumza, yeye aliona ametulia. Alifia hapo hapo kitandani mchana mmoja, Sitara akiwa anampepea. Sasa nesi anasema kwa sauti ya kawaida kwamba kulala tu kunammaliza mtu. Sitara alisubiri alie, machozi hayakuja. Akasubiri hasira, nayo haikuja. Alichosema ni kwamba Jumapili ana nafasi, na ndivyo matembezi yalivyoanza.

Siku hii ya mwisho walipita Mtaa wa Uhuru kuelekea Ilala, wakizungumza kwa mwendo wao. Gaudens alimweleza habari za migomba, za baridi ya kwao, na za mabinti zake Josepha na Severa wanaoishi kule. Alimweleza habari za marehemu mkewe Mektilda, ambaye hakupenda kabisa joto la Dar. Sitara aliitikia panapostahili. Walipokaribia Ilala Boma, Gaudens alisimama. Hakuwa amechoka. Alisimama kwa sababu alitaka kumtazama.

"Sitara," alisema. Ile Bi alikuwa ameiacha. "Nikuulize neno, na usinistahi katika kunijibu."

"Uliza."

"Ukiniambia nibaki, nabaki. Pantaleo atanuna, padri atanuna, kaka yako Hamis ndiyo usiseme. Nitapanga chumba hapa hapa Ilala, nitembee kila asubuhi mpaka dukani. Lakini uniambie wewe. Siwezi kugombana na watoto wangu kwa ajili ya duka la sufuria."

Sitara alijitafuta ndani, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, na kiberiti hakikuwepo. Aliuona uso wa mzee, nyusi zenye mvi, midomo iliyokuwa ikitaka kusema zaidi na kujizuia. Alijua ni uso mzuri. Alijua kwa akili, basi.

"Mimi sisikii kitu, Bwana Gaudens."

"Kwangu?"

"Kwa yeyote. Siku aliyokufa mume wangu niliuliza kama maji ya waombolezaji yamechotwa. Na Kuruthumu aliponiambia unaondoka, nilimwuliza kama sabuni imefika dukani. Ukibaki, utabaki kwa mtu mtupu."

Gaudens aliivaa kofia, akaivua tena. "Nimeishi na watu wengi waliojaa," alisema. "Sikuombi unipende leo. Naomba uniambie nibaki. Kupenda kutatukuta njiani."

Maneno hayo mwanamke mwingine yangemyeyusha. Mimi mwenyewe ningebaki naye palepale. Sitara aliyasikia vizuri, neno kwa neno, akayaona ni maneno mazuri, na hakuna kilichotikisika. Alifungua kinywa ili ajibu, lakini hakupata nafasi, maana nyuma yao mtu alikuwa akiita baba, baba, kwa sauti iliyokatika.

Alikuwa Pantaleo. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Mchafukoge, maana gari halikuwa na ruhusa. Shati la Jumapili lilikuwa limemganda mgongoni, tai iko mfukoni, na pumzi zilikuwa zikimtoka kwa shida. Alijaribu kusema, akashindwa, akainama na kushika magoti. Baba yake akamwekea mkono begani mpaka pumzi zikarudi.

"Shikamoo mama," alisema Pantaleo hatimaye. Alikuwa amekasirika, lakini alilelewa.

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza upumue."

"Sikai, mama." Akamgeukia baba yake. "Baba, kule watu wamejaa nyumbani wamekuja kukuaga, wewe haupo. Nawaambia nini? Nimekufuata mtaa mzima naulizia, kila mtu anajua. Wananiambia mzee yule anayetembea na mwanamke wa buibui? Wananiambia mimi."

"Wamekwambia kweli," alisema Gaudens.

"Wenzangu ofisini wananiuliza nimekukosea nini mpaka unazunguka juani kama mtu asiye na watoto. Mimi nina gari, baba. Nina kitanda. Candida anakupikia. Umekosa nini kwangu?"

Sauti yake ilikatika, na safari hii haikuwa pumzi. Gaudens alishindwa kumtazama. Pantaleo alimgeukia Sitara, akateremsha sauti kwa heshima. Alisema hana ubaya naye. Lakini wao ni watu wa kanisa, na yeye Sitara ana ndugu zake na dini yake, na kila mtu anajua mambo haya hayana mwisho mwema. Alisema mama yake mzazi alikufa yeye Pantaleo akiwa safarini kikazi, hakumwona. Baba ndiye aliyebaki. Anataka amweke pahala patulivu, atunzwe, asiangukie barabarani mbele ya watu asiowajua.

"Nakuomba kama mama yangu," alimaliza.

Gaudens alisema polepole, "Muulize yeye, Pantaleo. Nimekwisha kumwachia. Akisema nibaki, mimi siendi, na wewe hutanilazimisha. Akisema niende, nitakuwa nimekaa kwenye basi kabla ya dereva."

Baba na mtoto wakamtazama. Watoto waliokuwa wakicheza mpira walisita, mmoja akaufuata mpira uliobingirika miguuni mwao, akaondoka nao. Sitara alimwona kijana huyu mnene, macho yamemlowa, amempenda baba yake mpaka amekuja mbio na mwili ule. Huyu alikuwa na kitu. Kilikuwa kimemjaa mpaka kinamwagika. Yeye Sitara amshike baba wa mtu kwa kitu gani? Aliyajua yote aliyoambiwa na nesi. Aliyajua zaidi ya nesi, maana alimzika nayo mumewe. Lakini kujua peke yake hakumpi mtu sauti. Akasema kile ambacho mama wa Kariakoo aliyelelewa vizuri angekisema, na alikisema kwa upole.

"Nenda na mwanao, Bwana Gaudens. Kapumzike."

Gaudens alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa akingoja macho yaseme tofauti na mdomo, kama yanavyofanya macho ya watu. Ya Sitara hayakusema kitu.

"Haya, mama," alisema, kama anavyoambiwa mama yeyote njiani. Kisha akavaa kofia yake.

Pantaleo alimshukuru Sitara kwa mikono miwili. Akamkamata baba yake kiwiko ili amsaidie, wakaondoka kuelekea mjini, na ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa na macho kwamba aliyekuwa akiegemea ni kijana. Gaudens alipunguza mwendo kwa ajili yake. Hakugeuka nyuma.

Sitara alirudi nyumbani kwa njia ya Ilala sokoni. Alinunua bamia. Hamis kaka yake, ambaye tangu habari za Mchaga zianze alikuwa haongei naye ila kwa kukohoa, alikuwa barazani. Habari zilikuwa zimemfikia, usiniulize kwa miguu ya nani. Alimwambia dada yake kwamba amefanya jambo la maana, amejistahi na ameistahi nyumba ya baba yao. Akamwuliza kama atakunywa kahawa. Sitara alisema atakunywa, akanywa.

Jumapili iliyofuata hakwenda kutembea, na hakuna aliyemwuliza. Iliyofuata pia hakwenda. Kuruthumu alikuja akakaa uani, akamchokoza kidogo kuhusu raba zilizoanikwa bure, akaona hachokozeki, akahamia kwenye habari za watu wengine. Usiku Sitara alilala vizuri. Hilo ndilo lililomshangaza kidogo, kwamba analala vizuri.

Mwezi ulikuwa umekwisha pita gari la Pantaleo liliposimama nje ya nyumba, Jumamosi moja saa za alasiri. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Pantaleo aliteremka na mkungu wa ndizi begani, shati safi, uso una furaha ya mtu aliyetimiza wajibu. Alimwamkia Hamis, akamwamkia Sitara, akaweka mkungu chini na kusema umetoka mgombani kwa mzee mwenyewe, ni shukrani ya familia. Hamis alifurahi, akamkaribisha kwenye mkeka. Kwa kuwa hatari ilikuwa imekwisha, Mchaga alikuwa mgeni kama wageni wengine. Sitara akaleta kahawa.

"Mzee hajambo?" aliuliza, akimimina.

"Hajambo sana, mama. Ametulia. Tumemwekea kitanda kizuri, Josepha na Severa wanapokezana kumhudumia. Anaogeshwa, analishwa, hata mguu wake haugusi chini."

"Hatembei?"

"Aende wapi, mama?" Pantaleo alicheka kwa upole. "Mwanzoni alikuwa mbishi. Anataka afike barabarani, anataka afike kanisani kwa miguu. Dada zangu wakamficha viatu. Sasa amezoea. Hata kuzungumza hazungumzi sana. Anapumzika."

Sitara aliweka birika chini.

"Miguu imemvimba?"

Pantaleo aliacha kunywa. "Imevimba kidogo. Umejuaje?"

Sitara alikinyanyua kikombe chake bila kukitazama, kahawa ikammwagikia kidole, na kahawa ile ilikuwa ya moto. Ilimuunguza. Aliutazama mkono wake kwa mshangao. Maumivu yalipanda mpaka kifuani, na huko yakakutana na mengine yaliyokuwa yakingoja. Yalikuja yote pamoja, Mwinyimvua aliyelala kimya akisifiwa kwa utulivu, na mzee yule aliyevua kofia akasema kupenda kutatukuta njiani. Alimwona kitandani, amegeukia ukuta, viatu vyake vimefichwa. Alimpeleka mwenyewe. Alimpeleka kwa neno moja, kapumzike.

"Mwanangu," alisema, "basi la Moshi linaondokea wapi?"

"Mama?"

"Nielekeze. Na kutoka Moshi mjini mpaka kwenu napanda gari gani. Nielekeze vizuri, sijawahi kufika."

Hamis alikuwa ameinuka nusu kwenye mkeka. "Sitara, una nini wewe? Uende kwa watu, kanisani huko, utakwenda kama nani yake?"

Siku zote alikuwa na jibu la adabu kwa kaka yake. Alilitafuta, hakuliona. Machozi yalikuwa yakimshuka mbele ya mgeni, na hakuyafuta.

"Nampenda, kaka," alisema. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kufiwa, kama anavyoogopa mtu yeyote mwenye mtu wake.